Wikendi kwenye uwanja wa ofrodi: namna ya kuipanga, kuanzia simu ya kwanza hadi kukaza nati za mwisho

Kilomita kumi za lami ni dakika kumi. Kilomita kumi hizo hizo ndani ya uwanja wa ofrodi zinaweza kumaliza siku nzima, na hapo hakuna aliyekwama wala kupata pancha. Wageni wengi hufungua ramani, wakaona njia ishirini, wakapanga kuzipita zote Jumamosi, na jioni inawakuta kwenye ya tatu, taa zimewashwa na watoto wamenuna. Kwa hiyo kabla ya kufikiria gari, kamba au hema, geuza hesabu yako. Mafuta, maji, chakula na idadi ya njia, vyote vipange kwa saa. Kilomita ziache kwa ajili ya safari ya kwenda na kurudi.

Kwa uwanja wa ofrodi nazungumzia pori, machimbo ya zamani au eneo la mchanga lililotengwa na kuwekewa njia za magari ya 4x4, pikipiki, kwadi za magurudumu manne na zile bagi za viti viwili au vinne zenye vyuma vya kukinga abiria. Ukubwa hutofautiana sana. Windrock, kule Tennessee, Marekani, una zaidi ya kilomita 480 za njia, na viwanja vingine ni shamba moja lenye vilima na madimbwi. Wikendi yako haitofautiani sana popote utakapokwenda: saa sita hivi za kuendesha Jumamosi na tatu au nne Jumapili. Njia rahisi ikiwa kavu utapita kwa kilomita 10 hadi 15 kwa saa. Njia ya mawe ni mwendo wa mtu anayetembea, mara nyingi chini ya hapo. Ongeza na msafara, maana kwenye kikwazo kigumu magari hupita moja moja. Magari matano, kila moja dakika sita, mwamba mmoja umeshakula nusu saa.

Piga simu kwanza

Tovuti ya uwanja itakupa saa za kufungua na kiingilio. Yanayoharibu wikendi huwa hayaandikwi humo, na njia ya kuyajua ni kumpata kwa simu mtu anayekaa getini. Muulize njia zipi zimefungwa kwa sasa, mvua ya mwisho ilinyesha lini, na gari kama lako, lenye matairi ya kawaida na lisiloinuliwa, linaweza kupita njia zipi bila kugusa chini. Muulize pia kama wana huduma ya kunasua magari, na inafika hadi wapi. Halafu swali ambalo watu hulisahau: wikendi hiyo kuna mashindano au mkusanyiko wowote? Uwanja uliojaa una foleni kwenye kila kilima, na foleni ya magari kwenye mteremko wa tope siyo mahali pa kujifunzia.

Viwanja vingi hupanga njia kwa rangi: kijani ni rahisi, bluu ni ya kati, nyeusi ni ngumu. Vingine hutumia namba. Usichukulie kwamba bluu ya uwanja mmoja ni sawa na bluu ya mwingine, na kumbuka kwamba daraja hizo kwa kawaida zimewekwa njia ikiwa kavu. Mvua ya usiku mmoja kwenye udongo wa mfinyanzi hugeuza kijani kuwa kitu kingine kabisa.

Sheria za vyombo nazo ziulize mapema, kwa sababu getini hakuna kubembelezana. Kelele ya ekzosi ina kikomo: California, kwa mfano, ni desibeli 96 kwa vyombo vya ofrodi vilivyotengenezwa kuanzia 1986. Kwenye maeneo kavu hudaiwa kichujio cha cheche kwenye ekzosi, ili nyasi zisishike moto. Kwenye matuta ya mchanga utatakiwa kuwa na bendera kwenye fimbo ndefu. Imperial Sand Dunes, huko huko California, lazima ifike mita 2.4 kutoka chini, kwa sababu gari lililo upande wa pili wa tuta halionekani mpaka mmekutana kileleni. Kuhusu watoto, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri aliye chini ya miaka 16 asipande kwadi kabisa. Uwanja unaweza kuruhusu mapema zaidi, lakini uamuzi huo ufanye mkiwa nyumbani, usiusubirishe hadi mtoto ameshaiona kwadi. Na kwadi ya kiti kimoja haibebi abiria, hata awe mdogo kiasi gani.

Mwisho, bima. Bima nyingi za kawaida hazilipi uharibifu uliotokea nje ya barabara, na mikataba mingi ya magari ya kukodi inakataza ofrodi moja kwa moja. Soma mkataba wako. Getini utasaini karatasi kwamba ukiumia ni juu yako, na huo siyo utaratibu wa kupitisha muda tu.

Gari dhaifu ndilo linalochagua njia

Kama mnaenda magari matatu, mpango unafuata lile lenye uwezo mdogo, au lile lenye dereva mgeni, kutegemea lipi liko chini zaidi. Kundi linalopanga kwa kuangalia gari la fundi wao mkuu hutumia wikendi kuvuta magari mengine.

Angalia mambo mawili kwenye gari lako. La kwanza ni gia nzito, ile tunayoiita lo. Bila hiyo bado unaweza kufurahia njia za kijani, lakini miteremko mikali na mawe waachie wengine. Lo hupunguza mwendo wa magurudumu kwa mara mbili na nusu hadi nne hivi, kutegemea gari, na nguvu ya kuvuta huongezeka kwa kiasi hicho hicho. La pili ni umbo: bampa la mbele liko umbali gani kutoka kwenye tairi, tumbo lina urefu gani kati ya matairi ya mbele na nyuma, na nyuma kunaning'inia nini. Gari fupi lisilo na sifa kubwa mara nyingi hupita mahali ambapo pikapu ndefu ya gharama inakalia tumbo na kubaki inabembea.

Wiki moja kabla ya safari, ingia chini ya gari na tochi. Unatafuta mafuta yanayovuja, raba zilizochanika, shokapu zenye unyevu wa mafuta, na bomba la breki linalogusa kitu. Angalia betri imefungwa imara, maana betri inayocheza barabarani huruka ikifika kwenye mawe. Tairi la spea liwe saizi ile ile ya mengine na lina upepo. Jeki ijaribu nyumbani: nyingi zinazokuja na gari hazifiki juu vya kutosha kama gari limeinuliwa, na zote huzama kwenye mchanga kama hukubeba kipande cha ubao wa kuwekea chini. Kama kuna kazi kubwa ya gereji, ifanyike wiki mbili kabla. Gari lililotoka gereji Alhamisi jioni halijajaribiwa.

Vifaa, na mahali pa kutoa pesa

Duka la vifaa vya ofrodi linaweza kukumaliza. Winchi, ile mashine ya kuzungusha waya inayofungwa kwenye gari ili kulivuta, ni kitu kizuri, lakini mgeni anayekwenda na wenzake kwenye uwanja wenye njia zilizopangwa haihitaji ili aanze. Nunua kwa mpangilio huu: geji nzuri ya upepo, kompresa, sepetu, mbao mbili za kujinasulia, kamba moja ya kuvutia yenye ubora, na shakli mbili, zile pingu za chuma za kuunganishia kamba. Shakli ya milimita 19 ikiwa imegongwa muhuri wa tani 4.75 inatosha gari la kawaida la 4x4. Isiyo na maandishi yoyote iache dukani.

Juu ya kamba kuna jambo watu hulichanganya. Kamba inayovutika hurefuka, nyingi hadi asilimia 20 au 30, halafu hurudi na kulitoa gari kwenye tope kwa msukumo laini. Kamba isiyovutika, na mnyororo vilevile, ni ya kuvuta taratibu tu. Ukilivuta gari kwa kishindo kwa mnyororo, pigo lote linaingia kwenye chuma, na chuma kikikatika huruka kama risasi.

Ukiamua kuchukua winchi, uwezo wake uwe angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limepakiwa. Ongeza puli moja, ambayo ukiipitishia kamba na kuirudisha kwenye gari inakaribia kuzidisha nguvu mara mbili, na mkanda mpana wa kuzungushia mti usije ukauchuna.

Vingine ni vya kawaida: maji zaidi ya unayodhani, sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji za kuzuia damu, kizima moto kilichofungwa mahali dereva anapofikia, glavu, helmeti kwa walio kwenye kwadi na bagi, redio za mkononi. Ramani ya njia ipakue kwenye simu ukiwa bado na mtandao, na chukua pia ile ya karatasi wanayogawa getini. Mafuta jaza tanki kwenye kituo cha mwisho. Kwenye lo gari linaweza kunywa mara mbili ya kawaida kwa kilomita, na huzidi hapo kwenye mchanga.

Mizigo mizito ikae chini na ifungwe. Ukiweka kisanduku cha spana wazi nyuma ya kiti, kwenye mteremko wa kwanza kitakuja mbele kukusalimia. Kama gari unalibeba juu ya trela, uzito unaolalia ndoano uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya trela nzima. Ukipungua hapo, trela huanza kuyumba ukiongeza mwendo.

Ijumaa

Fikeni mchana kama mnaweza. Kupiga hema na kushusha kwadi gizani, mahali msipopajua, kunawachosha kabla ya kuanza. Jioni hiyo kaeni na ramani mchague njia mbili za Jumamosi, na ya tatu ya akiba. Mkubaliane nani anatangulia na nani anafunga mkia, na mfunga mkia awe na uzoefu na redio. Kila dereva ana wajibu mmoja wa kudumu: kumwona aliye nyuma yake kwenye kioo. Asipomwona, anasimama.

Jumamosi: upepo kabla ya kitu kingine

Kama kuna jambo moja linalobadilisha gari la kawaida kuwa gari la porini, ni kupunguza upepo wa matairi, na ni bure. Tairi lenye upepo mdogo hulala, alama yake ardhini hurefuka, na hujikunja kufuata jiwe badala ya kuliruka. Chukua gari linalotumia 35 PSI barabarani, PSI ikiwa kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji. Njia ya udongo mgumu na changarawe, shusha hadi 26 hivi. Mawe, 18 hadi 20. Mchanga laini, 15, na ukikwama kweli kweli, 12. Chini ya 10, kwenye ringi za kawaida, tairi linaweza kuchomoka ukikata kona.

Fanya hivi. Egesha mahali tambarare, subiri matairi yapoe kidogo maana yakiwa ya moto geji husoma juu zaidi, kisha toa upepo kwenye tairi la kwanza huku ukiangalia saa. Kama limetumia sekunde 90 kushuka kutoka 35 hadi 20, mengine matatu yape sekunde 90, kisha hakikisha kila moja kwa geji. Kuanzia hapo ni mwendo mdogo, usizidi kilomita 30 au 40 kwa saa, kwa sababu tairi laini hupata moto haraka na ubavu wake umetokeza nje. Kwa sababu hiyo hiyo, jiwe lenye ncha lipande kwa tairi. Usilipitishe pembeni ambako litachana ubavu.

Njia ya kwanza iwe ya kijani, hata kama wote mnajiona mabingwa. Vidole gumba viwe nje ya usukani, kwani tairi likigonga jiwe usukani huzunguka ghafla na unaweza kukuvunja kidole. Mkipishana na kundi la kwadi au pikipiki, dereva huonyesha kwa vidole idadi ya walio nyuma yake. Ngumi iliyofungwa maana yake yeye ndiye wa mwisho. Kwenye mwinuko mwembamba, kwa kawaida anayepanda hupishwa.

Kilima kikali panda ukiwa umenyooka na gia umeshachagua. Gari likizima katikati, usikanyage klachi kabla hujashika breki. Shika breki ya mguu na ya mkono, weka rivasi ukiwa kwenye lo, achia breki polepole na urudi chini ulivyopanda, usukani umenyooka. Kinachopindua magari ni kujaribu kugeuza hapo katikati, kwani ubavu ukishaelekea chini hakuna kinacholishikilia. Kuteremka ni gia ya kwanza ya lo na mguu mbali na breki, injini ndiyo ishike.

Maji yanataka subira. Shuka, chukua fimbo, vuka kwa miguu kwanza. Kama hutaki kuyaingia wewe, usilipeleke gari. Mahali injini inapovutia hewa ndipo kikomo chako kilipo, na maji yakiingia humo injini hufunga, fimbo za pistoni zikapinda. Ukiingia, nenda taratibu bila kusimama, wimbi dogo likutangulie mbele ya bampa. Likizima ndani ya maji usiwashe tena; livutwe kwanza. Na kuna hatari ya kimya kimya: difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, likiwa limepata moto na kuzama ghafla hupoa, hewa ya ndani hujikunyata na kunyonya maji kupitia sili au kipumulio cha difu. Dakika kumi za kupumzika kabla ya kuvuka husaidia.

Kwenye mchanga usikanyage breki. Achia mafuta gari lisimame lenyewe, na likisimama liwe linaelekea chini, ili kuondoka kusikupe taabu.

Kikwazo kigumu mpe mtu mmoja aelekeze, na wote wengine wanyamaze. Mwelekezaji siyo utingo wa kupiga bodi na kusema twende. Anasimama mbele mahali dereva anapomwona, pembeni ya njia gari litakapotelezea, na anatumia mikono: kushoto, kulia, njoo, simama. Dereva asipomwona, anasimama. Watu watatu wakielekeza kwa sauti, dereva hamsikii hata mmoja.

Mkikwama

Magurudumu yakianza kuzunguka bure, toa mguu. Kila sekunde ya kuzungusha ni sentimita ya shimo. Chimba mbele ya matairi na chini ya tumbo, punguza upepo zaidi, sukumia mbao, jaribu. Magari mengi hutoka hapo, na ni njia ambayo haijamuumiza mtu.

Ikibidi kuvutana, fungeni kwenye ndoano zilizoshikwa na fremu. Usifungie kamwe kwenye kile kichwa cha chuma cha mviringo cha kukokotea trela: kimewahi kukatika na kuua watu. Vile vitanzi vya kufungia gari likiwa melini navyo havikutengenezwa kwa kazi hii. Kwa kamba inayovutika, acha mita moja au mbili za kulegea, mvutaji aondoke kwa mwendo wa kutembea kwenye lo, aliyekwama asaidie kwa gia ya kwanza. Jaribuni mara mbili. Isipokubali, rudini kwenye sepetu. Watazamaji wote wasogee umbali wa mara moja na nusu ya urefu wa kamba, pamoja na wale wenye simu za kurekodi, hao hasa. Hakuna anayeruka juu ya kamba iliyobanwa. Kwenye waya wa winchi tupieni blanketi zito katikati, ukikatika lishushe nguvu yake chini.

Saa kumi jioni anzeni kurudi kambini, hata kama njia ya akiba haijaguswa. Makosa mengi hufanyika mtu akiwa amechoka na jua linampiga machoni. Msiegeshe kwenye nyasi kavu: ekzosi ya moto inatosha kuziwasha.

Jumapili

Asubuhi lala tena chini ya gari na tochi kabla ya kuwasha. Mchague njia moja tu, rahisi kuliko ya jana, na saa sita mchana muwe mmemaliza. Hilo linawachukiza vijana, lakini kuna kazi. Kompresa ndogo inaweza kuchukua nusu saa kujaza matairi manne, na huhitaji kupoa katikati. Upepo urudi kama ulivyokuwa kabla ya kugusa lami. Kaza nati za magurudumu, futa taa na namba za gari, toa tope ndani ya ringi, kwani likikauka usukani utatetemeka njia nzima na utadhani umevunja kitu. Jaribu breki mara kadhaa kwa mwendo mdogo ukiwa bado ndani ya uwanja.

Nyumbani, osha chini ya gari na radieta kabla tope halijawa tofali. Ukiwa ulivuka maji, fungua kizibo cha difu uangalie mafuta: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, yabadilishwe kabla gari halijafanya safari nyingine. Kichujio cha hewa kisafishwe au kibadilishwe. Baada ya kilomita 100 za lami, kaza zile nati tena.